Rimoti ya kamera: ya waya au isiyo na waya?

Ndugu yangu, kwa kuwa umesema unataka kupiga picha za nyota juu ya ufukwe wa Shela, Lamu, nakushauri ununue rimoti ya waya yenye kitufe kinachoweza kufungwa kikabaki kimebonyezwa, kwa sababu kamera nyingi hukomea sekunde 30 za kupokea mwanga kwa picha moja, na ukitaka zaidi ya hapo hutumia hali ya balbu (kamera huendelea kupokea mwanga maadamu kitufe kimebonyezwa), ambayo kwa kawaida huhitaji kitufe kishikiliwe muda wote. Kabla ya kulipa, tazama tundu la kamera yako: kamera nyingi za Canon za bei ya chini hupokea rimoti ya RS-60E3 yenye pini ya milimita 2.5, ilhali nyingi za bei ya juu hutumia RS-80N3 yenye plagi ya pini tatu, na hazibadilishani. Rimoti ya infraredi (inayotuma mwanga usioonekana) ni rahisi, lakini katika kamera nyingi kipokezi cha mwanga huo kiko mbele, nawe umesimama nyuma. Sioni faida yake. Ya redio haina taabu hiyo, ila huongeza betri za kuangaliwa. Miguu ya tripodi izamishe vyema mchangani, kwani hakuna rimoti inayozuia mtikisiko wa upepo wa kusi. Kwa picha za mchana, kipima muda cha sekunde 2 kilichomo ndani ya kamera kinatosha.