Hiyo Namba Ameitoa Nani? Niliyojifunza Nikipima Uendelevu wa Benki

Jedwali langu la kwanza la matokeo lilikuwa na nyota tatu, zile za kuonyesha kwamba matokeo si ya bahati tu. Nililichapa, nikaenda nalo kwa msimamizi wangu nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Swali la utafiti lilikuwa la kawaida tu: je, benki zenye alama kubwa za uendelevu zina mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, michache kuliko wenzao? Jedwali lilisema ndiyo, tena kwa sauti ya juu. Profesa akavaa miwani, akasoma kichwa cha jedwali, na zile nyota hata hakuzitazama.

“Hizi alama amezitoa nani?”

Nikamtajia kampuni.

“Na wao wamezitoa wapi?”

Hapo nikabaki nimeduwaa. Akanirudishia karatasi, akaniambia nitafute alama za benki zilezile kutoka kampuni nyingine, niendeshe modeli ileile bila kugusa kitu kingine chochote. Nilifanya hivyo usiku uleule. Nyota zikayeyuka zote, na ile ishara ya kutoa mbele ya namba yangu kuu ikageuka ya kujumlisha.

Nilijua nimeharibu kitu. Nikaupitia msimbo mstari kwa mstari hadi alfajiri, sikuona kosa. Baadaye ndipo nilipokutana na utafiti wa Berg, Kölbel na Rigobon, uliochapishwa 2022. Walichukua kampuni sita zinazotoa alama za mazingira, jamii na utawala, hizi tulizozoea kuziita ESG, wakaangalia zinavyozipima kampuni zilezile. Wastani wa uhusiano kati ya alama zao ulikuwa 0.54, ambapo 1 ni kupatana kikamilifu. Waliopatana zaidi walifika 0.71, waliopishana zaidi 0.38. Linganisha na alama za uwezo wa kulipa madeni, ambazo watoaji wake hupatana kwa zaidi ya 0.9.

Kilichonigusa zaidi ni pale walipotafuta tofauti hiyo inatoka wapi. Ningeulizwa mimi, ningeapa ni suala la uzito: huyu anathamini zaidi mazingira, yule utawala. Kumbe uzito ulichangia asilimia 6 tu. Asilimia 38 ilitokana na kuangalia mambo tofauti, na asilimia 56 ilitokana na kupima jambo lilelile kwa njia tofauti.

Kwa benki hili ni rahisi kuliona. Chukua ukopeshaji unaojali mazingira. Mpimaji mmoja atauliza kama benki ina sera iliyoandikwa. Akiikuta kwenye tovuti, anatia tiki, anasonga mbele. Mwingine atatafuta ni sehemu gani ya mikopo imekwenda kwenye nishati jadidifu. Benki yenye sera nzuri ya kurasa nyingi na mikopo iliyojaa migodi ya makaa ya mawe itakuwa ya juu huku na ya mkiani kule. Wote wawili wataiandika kwenye safu yenye jina moja.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, humwambia aiache alama ya jumla kama anaweza, ashike kitu kimoja kinachohesabika: sehemu ya mikopo iliyoko kwenye makaa ya mawe na mafuta, au uwiano wa hatifungani za kijani, zile za kukopa fedha za miradi ya mazingira, kwa madeni yote ya benki. Ni vitu vyembamba, na mtahini mmoja atakuambia havibebi dhana nzima ya uendelevu. Ni kweli havibebi. Lakini utajua umepima nini, na ukiulizwa namba ameitoa nani utafungua mizania na kuonyesha ukurasa. Kama ni lazima utumie alama za jumla, basi chukua za watoaji wawili au zaidi na uweke matokeo yote mbele ya msomaji, hata yale yanayokuaibisha.

Njia nyingine inayopendwa ni kutumia saini. Benki imetia saini Kanuni za Ikweta, zilizoanza 2003 kwa ajili ya mikopo ya miradi mikubwa, au Kanuni za Shughuli Wajibikaji za Kibenki za Umoja wa Mataifa za 2019. Unaipa 1, na isiyotia saini unaipa 0. Ni safi, haina ubishi, na ina mtego wake. Benki haziokoti kalamu kwa bahati nasibu. Zinazotia saini huwa tayari kubwa, zina wawekezaji wa kimataifa, zina idara nzima ya kuandika ripoti. Ukizilinganisha na zisizotia saini, unalinganisha wakubwa na wadogo kisha unausifu wino. Angalau linganisha benki na yenyewe, kabla na baada ya kusaini, pembeni ukiweka benki zinazofanana nayo ambazo hazikusaini kipindi hicho. Na kama benki zako zimesaini miaka tofauti, usiendeshe tu ile modeli ya zamani yenye athari za benki na za mwaka, yaani inayoondoa tofauti za kudumu za kila benki na za kila mwaka, kwa sababu ndani yake waliosaini mapema hugeuzwa kuwa kipimo cha waliosaini baadaye. Mchumi Goodman-Bacon alilifafanua hili vizuri 2021, na siku hizi programu za R na Stata zina vifurushi vya kulirekebisha. Hakuna kisingizio tena.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitoa jasho zaidi, ambayo ni sifuri.

Nilikuwa na faili la Excel lenye safu ya uzalishaji wa gesijoto. Benki moja ilisomeka sifuri, sifuri, sifuri, halafu ghafla maelfu ya tani. Modeli yangu ikaisoma kama benki iliyokuwa safi kama theluji kisha ikaharibika mwaka mmoja. Nilipofungua ripoti zake za mwaka, nikakuta miaka mitatu ya kwanza haikuwa imeripoti chochote. Aliyetengeneza faili alijaza sifuri mahali ambapo hapakuwa na kitu. Yaani benki iliyoanza kusema ukweli ndiyo iliyoonekana mchafuzi, na iliyonyamaza ikapewa taji. Tangu siku ile kazi yangu ya kwanza na faili lolote jipya ni kuhesabu sifuri katika kila safu, kisha kufungua ripoti kadhaa kwa mkono nione kama ni sifuri ya kweli au ni ukimya. Usikimbilie pia kuzifuta benki zenye nafasi tupu. Ukimya nao una tabia: wanaoripoti mara nyingi ni wakubwa, na ukibaki nao peke yao matokeo yako yanawahusu hao tu. Liandike hilo wazi.

Halafu kuna swali la hewa ukaa ya nani. Umeme wa ofisi na magari ya wafanyakazi ni tone ukilinganisha na kinachozalishwa na wateja waliokopeshwa. Kipimo chenye maana kwa benki ni uzalishaji unaotokana na mikopo na uwekezaji wake, ule unaowekwa kwenye kundi la 15 la wigo wa tatu, wigo wa moshi usiotoka kwa benki yenyewe bali kwa wale inaofanya nao biashara. Kanuni ya kuukokotoa inayotumika sana ni ya PCAF, ushirika wa taasisi za fedha unaoweka viwango vya kuhesabu kaboni, na inafaa uifanye kwa kalamu angalau mara moja kabla ya kununua data ya mtu.

Tuseme benki inaidai kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa milioni 20. Thamani ya kampuni, ukijumlisha hisa zake kwa bei ya soko na madeni yake, ni milioni 100. Kampuni inazalisha tani 50,000 kwa mwaka. Benki inabeba asilimia 20, yaani tani 10,000. Mwaka unaofuata bei ya hisa inapanda, thamani inafika milioni 200, deni likiwa lilelile na moshi uleule. Sasa benki inabeba asilimia 10, tani 5,000. Ripoti itasema benki imepunguza uzalishaji kwa nusu. Hakuna bomba hata moja la moshi lililozimwa. Ukiichukua namba hiyo ukaiweka kwenye regresheni, ile hesabu ya kutafuta uhusiano wa namba na namba, pamoja na faida ya benki, katika mwaka ambao soko lote lilipanda na faida zikapanda, utapata uhusiano mzuri sana kati ya usafi na faida. Umepima soko la hisa. Mimi huweka pembeni safu ya pili, ileile hesabu ikiwa imeshikilia thamani za mwaka wa kwanza, nione nini kinabaki.

PCAF pia wanatoa daraja la ubora wa data kuanzia 1, iliyo bora, hadi 5. Huko chini mwishoni unakuta makadirio yaliyotokana na wastani wa sekta: mkopo kwa kiwanda cha saruji unapewa moshi wa saruji ya kawaida, hata kama kiwanda kile kimebadili tanuri. Sampuli yako ikijaa daraja la 5, kigeu chako, yaani kile unachopima, si usafi wa wateja, ni orodha ya sekta iliyovaa koti la kaboni. Omba daraja hilo unapopewa data. Ukinyimwa, hilo nalo ni jibu.

Upande wa takwimu zenyewe nitapita haraka, kwa sababu vitabu vinatosha, ila mambo mawili nayaona yakirudiwa kila ninapopewa rasimu nisome. La kwanza ni makosa sanifu, kile kipimo cha shaka iliyopo kwenye makadirio yako. Benki moja kwa miaka kumi si benki kumi. Ukimuuliza mtu mmoja swali lilelile mara kumi hujapata mashahidi kumi, na modeli isiyojua hivyo itakugawia nyota kama pipi. Yakusanye makosa yako kwa benki, modeli ijue kwamba miaka ya benki moja ni shahidi yuleyule. La pili ni ile GMM, njia ya makadirio inayotegemea vyombo saidizi, yaani vigeu vya kusaidia kutenga chanzo na matokeo, ambayo wanafunzi wanaitumia kama dawa ya kila homa. Nimewahi kuona jedwali lenye vyombo saidizi vingi kuliko benki zenyewe, na jaribio la Hansen, linalokagua kama vyombo hivyo vinafaa, likitoa thamani ya p ya 1.000, mwandishi akijipongeza kwamba amefaulu. Thamani hiyo ni dalili ya ugonjwa: vyombo vikizidi, jaribio hupoteza meno. Mtafiti Roodman alionya juu yake tangu 2009.

Kuna mvutano mmoja ambao sijaupatia dawa nzuri. Alama za uendelevu hubadilika polepole mno. Ukilinganisha benki na yenyewe, ambayo ndiyo njia ya haki, unabaki na mabadiliko madogo yasiyotosha kuonyesha lolote. Ukilinganisha benki na benki, unarudi kwenye wakubwa na wadogo. Mimi hutoa majedwali yote mawili na kueleza lipi naliamini zaidi na kwa nini. Mtahini mmoja aliwahi kuniambia hiyo ni kukosa msimamo. Sawa.

Jifunze pia ukubwa wa kawaida wa mambo. Kwenye hatifungani za kijani watu hutafuta kama wawekezaji wanakubali riba ndogo kwa ajili ya ukijani. Zerbib, katika utafiti wa 2019, alizioanisha na hatifungani za kawaida za mtoaji yuleyule zenye sifa zinazokaribiana, akarekebisha tofauti ya urahisi wa kuziuza, akakuta pengo la wastani wa pointi 2 za msingi, yaani asilimia 0.02. Rafiki yangu aliniletea pengo la pointi themanini akiwa amefurahi kweli. Alikuwa amechanganya za sarafu mbili. Kabla ya kushangilia matokeo makubwa, angalia sarafu, muda wa kuiva na mtoaji, kwa mpangilio huo.

Na unapoandika mapitio ya kazi tangulizi, soma sentensi za watu taratibu. Friede, Busch na Bassen walikusanya 2015 matokeo ya tafiti zaidi ya 2,000, na mara nyingi utasikia ikisemwa kuwa asilimia 90 zilithibitisha kwamba uendelevu unalipa. Walichoandika ni kwamba takribani asilimia 90 zilikuta uhusiano usio hasi. Usio hasi unajumlisha na ule ambao haupo kabisa.

La mwisho ni dogo na limeniokoa zaidi ya mara moja. Watoaji wa alama hurekebisha data za nyuma. Alama ya benki ya mwaka 2016 uliyoipakua miaka mitatu iliyopita inaweza isiwe ile utakayoipata leo, na hakuna anayekutumia barua kukujulisha. Faili langu ghafi huwa na tarehe ya kupakuliwa kwenye jina lake, na nimelifunga lisiweze kuandikwa. Usafishaji wote unafanyika kwa msimbo, kwenye nakala. Juzi nilipakua upya zile alama za utafiti wangu wa kwanza, nikaziweka kando ya faili la zamani na kutoa safu moja kutoka nyingine. Nilitarajia sifuri tupu. Nilianza kuhesabu zisizo sifuri, na nilipofika benki ya arobaini nikampigia Profesa simu. Hata salamu hakunijibu vizuri, akauliza, “Wamezibadilisha, eh?”