Unafanya shifti ya usiku? Ijue tezi ya pineali kabla hujanunua vidonge vya usingizi

Sisi wa shifti za usiku, walinzi, manesi, madereva wa malori, watu wa viwandani, tunajua vizuri kukesha, shida yetu ni kulala mchana. Unarudi saa moja asubuhi umechoka hoi, unajitupa kitandani, saa nne macho makavu. Mimi iliyonisaidia ni kuielewa hii tezi ya pineali iliyomo ndani ya ubongo, na siongelei zile video zinazodai tezi hii ndo jicho la tatu, eti imezibwa na kalsiamu na inabidi uifungue, mara acha dawa ya meno yenye floraidi mara kunywa siki usafishe hiyo kalsiamu. Hiyo kalsiamu ipo kwenye tezi za watu wazima wengi tu, madaktari wanaiona kila siku kwenye picha za CT scan, na siki haiendi kuitoa huko.

Tezi yenyewe ni kama punje ya mchele, imekaa katikati kabisa ya ubongo, na kazi yake kubwa ni kutoa homoni ya melatonini, ambayo inauambia mwili giza limeingia. Sasa kwa binadamu tezi hii haioni mwanga yenyewe. Ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna seli zinazopima mwanga, zinapeleka taarifa kwenye saa ya mwili ndani ya ubongo, alafu taarifa inashuka kwenye uti wa mgongo, inapanda tena kupitia shingoni ndo inafika kwenye tezi, safari ndefu utadhani inaenda mkoani. Huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa mtu anayelala usiku melatonini inaanza kupanda kwenye saa mbili tatu hivi, inafika juu kabisa kuanzia saa nane usiku, alfajiri inashuka. Wewe muda huo uko chini ya taa nyeupe kali, na mwanga unaizima.

Kwa hiyo dili na mwanga kwanza. Ukitoka kazini vaa miwani ya jua ya giza mpaka nyumbani, watu wa daladala wakikuona unaringa waache waone hivo hivo, ila kama unaendesha mwenyewe na usingizi umekukaba usivae, bora ufike. Chumba kiwe giza la kweli, yaani ukinyoosha mkono usiuone, mimi nimepigilia blanketi juu ya pazia na feni inapuliza maana joto la Dar mchana halina huruma. Simu ikae sebuleni. Kahawa mwisho saa saba usiku.

Na siyo usingizi tu, mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliweka kazi za shifti zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, so mabosi wakikupangia usiku miezi mfululizo omba mzunguko, ni haki kabisa kuomba.

Vidonge vya melatonini vipo, Marekani wanavibeba dukani kama vitamini, Uingereza mpaka daktari aandike. Havikuangushi kama dawa kali za usingizi, vinausogeza tu mwili uone ni usiku, kwa hiyo ukimeza alafu ukakaa kwenye mwanga unascroll unajisumbua. Mjamzito, mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aanze kwa daktari, asianze kwa muuza duka.