Umri wa mtoto ndio unaopima kifungo

Ninyi mnaoanza kuendesha mashtaka ya unajisi, yaani kufanya ngono na mtoto, hapa Kenya, mkifungua faili msikimbilie ripoti ya daktari. Tafuteni kwanza umri wa mtoto. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinapanga adhabu kwa umri huo: mtoto wa miaka 11 kushuka chini, mshtakiwa anafungwa maisha, wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18, si chini ya 15.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Hati ya mashtaka ilisema binti ana miaka 11. Nyanya yake akapanda kizimbani na kadi ya kliniki aliyoifunga kwenye pindo la leso. Wino ulikuwa umekolewa na maji lakini tarehe ilisomeka: mtoto alikuwa ametimiza 12 miezi miwili kabla ya tukio. Nilirekebisha hati, shtaka likasomwa upya, na utetezi ukaomba mashahidi waitwe tena, kama sheria inavyowaruhusu. Mtoto akarudi kusimulia yale yale mbele ya watu wale wale, huku akivuta uzi wa sweta yake mpaka mkono ukafumuka. Kosa lilikuwa langu; kadi ningeiomba siku ya kwanza. Kama hakuna kadi wala cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa mzazi au vipimo vya daktari wa meno hukubalika.

Mshtakiwa asiye na wakili akikiri, mwombeni hakimu amweleze adhabu inayomsubiri kabla jibu lake halijaandikwa. Wengine hukiri wakidhani watatozwa faini, na rufaa huja kuvunja kesi nzima.

Mtasikia pia watu wakidai kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, wa 2017, ulifuta viwango hivi vya chini vya kifungo. Ule ulihusu hukumu ya lazima ya kifo kwa mauaji. Mahakama Kuu ilijaribu kuupanua mwaka 2022, lakini Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema viwango vya chini vya sheria hii vingali halali, ikamrudishia mfungwa kifungo chake cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa.

Mimi naviunga mkono viwango hivyo kwa mtu mzima aliyemwinda mtoto. Kinachoninyima usingizi ni kijana wa miaka 18 na mpenziwe wa 17, kwa kuwa miaka 15 ni ile ile. Hapo uamuzi wa maana hufanyika kabla ya kushtaki, na mkubwa wako anapaswa kuisoma faili hiyo nawe.

Halafu kuna kesi za nyumbani. Mama akitambua kwamba anayelisha watoto atafungwa maisha, ghafla hakumbuki kitu. Usimkaripie. Mtafutie afisa wa watoto mapema, aongee naye kuhusu karo, kodi na mahali pa kulala, kabla ndugu za mshtakiwa hawajafika kwake na ahadi zao.