Nyumba ya bibi Magomeni: niliyoyakuta nilipoanza kuulizia

Mkuu, umeuliza utajuaje historia ya nyumba ya vyumba sita mliyorithi Ilala, nani aliijenga na nani waliishi humo, kabla ndugu hawajaiuza ikavunjwe. Mimi nilihangaika hivyohivyo na nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Magomeni, na mwanzoni nilipotea sana, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Nilianza na makaratasi. Faili la kiwanja lilinipa namba, kitalu, jina la mmiliki na kodi ya ardhi. Basi. Sasa nyumba zetu hizi hakuna aliyekaa peke yake. Bibi alikuwa na vyumba viwili vya mbele, vinne vilivyobaki ni wapangaji, kila chumba na familia yake, wote wanapishana korido moja na kugombea choo kimoja uani. Ukihesabu waliowahi kulala mle, mwenye nyumba ni mtu mmoja katika kundi la watu. Hao wengine hawamo kwenye faili lolote.

Kisha kuna ile 1961. Kwenye kizingiti cha mlango wa uani mtu aliandika mwaka huo kwa kijiti saruji ikiwa mbichi, na ukoo mzima tuliapa kwamba nyumba ilijengwa mwaka wa uhuru. Mjomba alikuwa anawaonyesha wageni. Siku moja fundi umeme anatoboa ukuta apitishe waya, lipu ikabanduka kipande kama sahani, ndani tukaona udongo mwekundu, fito na mti wa mkoko. Kumbe nyumba ni ya miti na udongo, saruji ilivalishwa baadaye. Ile 1961 ulikuwa mwaka wa kupiga sakafu tu. Mzee wa nyumba ya pili alicheka mpaka akakohoa: "Mjukuu wangu, mimi nimeikuta hiyo ina paa la madebe." Madebe ya mafuta ya taa, yakipasuliwa na kunyooshwa, ndiyo yalikuwa bati la asiye na hela. Kwa hiyo usiamini mwaka ulioandikwa popote kabla hujagonga kuta. Tofali linaitika, udongo unanyamaza.

Kuhusu wapangaji, shida kubwa ni majina. Bibi hakusoma, aliwakumbuka watu kwa kazi na kwao: Bwana Reli, Mama Tukuyu, Mkongo. Huyo Mkongo alikuwa mpiga gitaa kutoka Lubumbashi, enzi zile wanamuziki wa Kikongo walipojaa Dar, na jina lake halisi hadi leo sijalipata. Kilichobaki ni Kiswahili chake. Watoto wa uani walimfuata nyuma ili wamsikie akiuliza "Batoto balienda wapi?", na mama yangu, sasa ana wajukuu, bado anatuita batoto akiwa na furaha.

Dawa ya majina niliipata kwa balozi wa nyumba kumi. Mwenyewe alishafariki, ila mjukuu wake alikuwa na madaftari mawili chini ya kitanda, yameliwa na mende pembeni. Balozi aliandika kila kaya, wageni waliolala, na miaka ile ya foleni mwanzoni mwa themanini, nani kachukua sukari na unga kiasi gani. Huko ndiko Bwana Reli alipopata jina na idadi ya watoto. Kama unaweza kufanya jambo moja tu wiki hii, mkuu, katafute daftari la balozi. Mengine yatasubiri.

Usitegemee simulizi zote zikubaliane. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, watu wasio na kazi rasmi wakikamatwa na kupelekwa vijijini, mgambo walifika kwa bibi alfajiri. Chumba cha nyuma alikaa kijana muuza karanga. Mama anasema bibi alimkumbatia akadai ni mwanawe wa kumzaa, na balozi akafumba daftari bila kusema neno. Yule mzee wa jirani anasema hakuna cha kukumbatia, kijana aliruka ukuta akaangukia kwenye masufuria ya watu. Nimeandika yote mawili.

Na wazee watakupamba kidogo. Ni kweli Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na nyumba yake imehifadhiwa kama makumbusho. Lakini kwa nilivyosikia, alikunywa chai kwenye kila baraza la Magomeni, siku hiyohiyo.

Umeuliza pia kama nyumba yenu iliwahi kutaifishwa. Sidhani. Sheria ya 1971 ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, hizi za udongo zilipona. Ingekuwa ghorofa la zamani la Upanga au Kariakoo ningekwambia ufuatilie majengo ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyopewa yale yaliyotaifishwa, ambayo baadaye yaliingia Shirika la Nyumba la Taifa.

Ya bibi iliuzwa, tukagawana, nyumba ikalala chini kwa siku mbili. Nilimwomba fundi anikatie kile kizingiti. Kiko uani kwangu Kimara, watoto wanaanikia viatu vya shule.