Maswali na Majibu: Bura ziko tatu, na Lamu si kisiwa peke yake

Makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta ni Voi au Wundanyi? (Msomaji, Nakuru)

Si Voi wala Wundanyi. Ni Mwatate. Nimelijibu swali hili mara nyingi hapa, na nawasihi walimu waache kuwafundisha watoto kwamba mji mkubwa ndio makao makuu. Voi ulikuzwa na reli na barabara kuu ya Mombasa. Wundanyi, kule juu milimani, ndiko yalikokuwa makao ya wilaya. Mwatate uko njia panda: ukitoka Voi, hapo ndipo unapokata kupanda Wundanyi au kunyoosha kwenda Taveta. Ukipanda Wundanyi mwezi wa Julai, beba sweta. Pwani si mchanga na minazi tu.

Kipini ni ya Lamu? (Msomaji, Malindi)

Hapana. Mji huo wa pwani ni wa Kaunti ya Tana River.

Nimeambiwa nitume mzigo Bura. Niupakie basi la wapi? (Msomaji, Thika)

Mpigie tena simu mwenye mzigo, maana hujauliza la maana. Kuna Bura ya Tana River, penye mradi wa unyunyiziaji. Kuna Bura ya Garissa, ng'ambo ya mto. Kuna na Bura ya Taita, penye misheni ya Wakatoliki, mbali kabisa na hizo mbili. Anayeandika "Bura" bila jina la kaunti anautupa mzigo wake. Hivyo hivyo kwa Mbale: iko ya Vihiga, iko ya Taita, na iko ya Uganda.

Lamu ni kisiwa au kaunti? (Msomaji, Eldoret)

Ni kisiwa, ni mji na ni kaunti. Kaunti ina visiwa vya Lamu (wenyeji husema Amu), Manda, Pate na Kiwayu, kisha ina bara kubwa: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu, hadi Kiunga mpakani na Somalia. Mkulima wa Mpeketoni ni mtu wa Lamu hata kama hajawahi kupanda mashua. Faza na Siyu ni miji ya kisiwa cha Pate, na ndani ya kisiwa hicho umo mji uitwao Pate pia. Uwanja wa ndege uko Manda, kwa hiyo ukishuka kwenye ndege bado una maji ya kuvuka.

Katika sensa ya 2019 kaunti hii ilikuwa na watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Uchache huo usiwe sababu ya kuisahau. Nawe unayevuka kutoka Mokowe wakati wa upepo wa kusi, boti ikijaa kupita kiasi, shuka usubiri nyingine.

Hola na Galole ni miji miwili? (Msomaji, Nairobi)

Ni mji mmoja, na kisa chake kinaniuma. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari hadi kufa. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walisema kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uongo ulipofichuka hadi bungeni Uingereza, mji ukabandikwa jina Galole. Leo Hola ni Hola tena, nayo ndiyo makao makuu ya Tana River. Galole limebaki jina la eneo bunge. Kijana wa Kenya anayeijua Hola kwa joto lake tu hajafundishwa vya kutosha.

Madogo si mtaa wa Garissa? (Msomaji, Mwingi)

Hapana. Ukitoka Garissa mjini ukivuka daraja la mto Tana, umeingia Kaunti ya Tana River.

Nauziwa shamba Mackinnon Road. Ni Kwale au Taita Taveta? (Msomaji, Mombasa)

Kaunti hizo mbili zimeugombania mpaka wa mji huo kwa miaka mingi, na madalali wanalijua hilo vizuri kuliko wewe. Usitoe hata shilingi ya arbuni kwa nakala ya barua ya ugawaji. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, kisha uende mwenyewe ukaongee na chifu na majirani wanaopakana na shamba hilo. Ukisikia majirani wanataja mwenye shamba mwingine, rudi nyumbani na pesa zako.