Kabla Hujalipia Kizimba cha Soko la Wikendi

Kizimba changu cha kwanza nilikwenda kukikagua Jumatano. Soko lilikuwa tupu, limefagiwa, na kizimba chenyewe kilinipendeza: bati zima, meza imara, kufuli mbili, kodi nafuu kuliko nilivyotegemea. Nikalipa miezi 3 papo hapo, nisije nikawahiwa. Jumamosi nikafika alfajiri, nikapanga nguo zangu za watoto, nikasubiri. Ilipofika saa nne asubuhi soko lilikuwa limefurika watu wanapigana vikumbo, ila si mbele yangu. Njia kuu ilikata kona vizimba vitano kabla ya changu, na umati wote ukakata nayo. Mimi nilibaki kuusikia tu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, soko la wikendi likague wikendi. Nenda Jumamosi, rudi Jumapili, maana siku hizo mbili mara nyingi hazifanani. Simama karibu na kizimba unachokitaka, uhesabu wapitao kwa dakika 15: asubuhi, mchana na jioni. Wapagazi na wenye vizimba usiwahesabu, hao wako kazini kama utakavyokuwa wewe. Kisha watazame mikononi. Wakipita wengi wakiwa na mifuko iliyojaa, upo upande wa kutokea, na pesa yao imekwisha kubaki kwa wenzako. Watazame na mwendo. Langoni kabisa watu ni wengi kweli, lakini wanasukumwa na walio nyuma, hawana nafasi ya kusimama hata wakitaka, na kodi ya pale ndiyo ya juu kuliko zote. Mimi napenda ndani kidogo, pale watu wanapopunguza mwendo na kuanza kugeuza shingo.

Ukiwa pale pale, angalia jua la saa tisa linapiga wapi. Mali yangu ilipauka upande mmoja kabla sijajua nianze kutundika turubai saa ngapi. Angalia pia miguu ya meza: alama ya tope itakuonyesha maji hufika wapi mvua ikinyesha, na hilo mwenye kizimba hatakuambia.

Wa kukuambia ni majirani. Mama aliyekuwa akiuza vyombo mkabala na mimi alinitazama wiki tatu nzima nikihangaika, ndipo akasema, "Mwanangu, wewe ni wa nne mwaka huu kwenye hicho kizimba." Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akajibu kwamba nilifika siku ambayo yeye hayupo, nikalipa, nikaondoka. Alikuwa na haki.

Sasa hesabu, ambayo wengi wetu huikwepa. Kodi hutajwa kwa mwezi, lakini wewe unauza siku za wikendi tu. Mwezi wenye wikendi 4 una siku 8 za biashara, na mwezi uliopata wikendi 5 kamili una 10. Igawe kodi kwa 8, usijipendelee. Tuseme imekuja 12 kwa siku, kwa pesa yoyote unayotumia. Ongeza 6 za usafiri na kijana wa kukusaidia, unapata 18. Hizo 18 zinatoka kwenye faida, si kwenye mauzo. Kama katika kila 100 unayouza faida ni 30, lazima uuze 60 ili ufikie mahali pa kutopata wala kukosa. Kitu chako kimoja kikiuzwa 3, hivyo ni vitu 20. Sasa rudi kwenye karatasi yako ya kuhesabu watu. Wakipita 600 kwa siku na mmoja kati ya 30 akanunua kitu kimoja, umeuza vitu 20. Umeshinda juani bure. Namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, weka zako.

Kuna mtego hapo ambao mimi niliingia mzima mzima. Ukinunua kitu kwa 100 ukauza kwa 130, utasema unapata faida ya 30 kwa mia. Si kweli kwa upande wa mauzo: ni 30 katika 130, yaani kama 23 hivi kwa kila 100 inayoingia mfukoni. Rudia hesabu ya juu kwa namba hiyo, utaona mauzo ya kulipia 18 yanapanda hadi 78, na vitu vinakuwa 26 badala ya 20. Vitu sita tu, lakini kwenye siku mbovu ndivyo vinavyoamua kama nauli ya kurudi unayo.

Kuhusu mkataba, swali la kwanza ni je, huyu anayenipangisha ndiye mwenye kizimba? Masokoni watu hupangisha walichopangishwa, na pengine kati yenu kuna dalali anayechukua cha juu. Niliwahi kumlipa mtu amana, kumbe naye ni mpangaji aliyekuwa anadaiwa; uongozi wa soko ulipokuja kufunga, yeye hapokei simu. Nenda ofisi ya soko, uliza kizimba namba fulani kimeandikishwa kwa jina la nani, na risiti yako ilingane na jina hilo. Ukidaiwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nafasi, juu ya kodi, uliza kama utarudishiwa na mpangaji ajaye au ndiyo kimezama. Uliza pia mali inaweza kulala pale kuanzia Jumapili hadi Jumamosi na nani analinda, umeme unalipwaje, na soko likifungwa kwa matengenezo kodi inasimama au inaendelea. Yaandikwe. Na hata ukivutiwa na punguzo la kulipa mwaka mzima, anza na mwezi mmoja. Mwenye kizimba akikataa kabisa mwezi wa majaribio, mimi hujiuliza anaogopa nigundue nini.

Jirani anayeuza kitu kama chako asikutishe. Watu huja mahali wanapojua watalinganisha, na muuza viatu aliye peke yake katikati ya wauza vyombo huonekana kama amepotea. Shida ni pale mnapochukua mali ileile kwa muuzaji wa jumla yuleyule. Hapo mnabaki kukatana bei hadi wote mnalia. Zungumzeni mapema, mmoja achukue saizi hizi na mwingine zile. Halafu huyo huyo jirani ndiye atakayekuangalizia meza ukienda msalani.

Upangaji wa mali sitaurefusha: bei ziandike, kinachovutia kiwe usawa wa macho, na usikae kitini ukichezea simu.

Pesa, hapo tulia. Njoo na chenji ya kutosha, maana saa mbili asubuhi kila mtu ana noti kubwa na jirani yako naye hana. Mfuko wa kiunoni kwa pesa ya mauzo, na sehemu nyingine tofauti kwa pesa yako binafsi, la sivyo jioni hutajua umekula nini. Anayelipa kwa simu, usikubali akuonyeshe ujumbe kwenye simu yake. Subiri uingie kwenye yako, na utazame salio. Umati ukiwa mkubwa mtandao huelemewa na ujumbe huchelewa, na matapeli wanalijua hilo kuliko wewe. Mteja wa kweli atasubiri, pengine kwa kununa.

Nunua daftari mbili. Moja ya mauzo, hiyo kila mtu anaijua. Nyingine andika kile watu walichouliza wakakikosa. Kati ya wikendi na wikendi una siku 5 ambazo pesa yako imelala ndani ya mali, na bila daftari hiyo utarudi kwa muuzaji wa jumla na kuongeza kile kile unachokipenda wewe. Mimi nilibeba magauni wiki sita kwa sababu yalikuwa mazuri. Daftari ilikuwa inaniambia soksi, soksi, soksi.

Jioni usiwe wa kwanza kukunja. Saa ya mwisho hurudi wale waliokupita asubuhi wakisema "nazunguka kwanza". Wamekwisha kuzunguka, miguu inawauma, wanakumbuka bei yako. Mimi hufunga magunia ya nyuma taratibu na kuiacha meza ya mbele imejaa hadi taa za njiani zianze kuzimwa.