Jibu: Binti aache fizikia akiingia kidato cha tatu?

Dada mleta mada, umeuliza kama binti yako aache fizikia kwa vile mwalimu kahama na idara hapo kwa masista imebaki na mmoja. Mimi nasema asiache kwanza.

Si umesema anataka udaktari? Hapo hakuna njia ya mkato. Chuo cha udaktari cha Muhimbili wanataka fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, yaani PCB. CBG (kemia, baiolojia na jiografia) haina fizikia, na kuna watoto hugundua hilo siku ya kuomba chuo. Halafu usitishwe na alama zake za sasa: kwenye mtihani wa kidato cha nne, alama 45 tu ni C.

Wangu naye alisoma shule ya wasichana ya kanisa (siitaji), wakakaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia. Likizo ya Juni nikafungua daftari: kichwa cha mada kimepigwa mstari kwa rula, chini peupe. Nililia, sikufichi. Tukachanga wazazi wanne, tukampata kijana wa chuo kikuu cha Mlimani, Jumamosi anawafundisha kibarazani kwangu Tabata, ubao tumeuegemeza kwenye ndoo. Alipata C. Si A, ila PCB aliingia.

Siku ya wazazi mfuate mwalimu wa taaluma, umuulize swali moja: maabara wanaingia mara ngapi kwa wiki? Akianza kuzungukazunguka, rudi hapa tuongelee kuhama.